Barua ya wazi kwa wakuu wa Jiji la Dar es Salaam: zitunzeni ramani za mji huu

Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam,
Waheshimiwa Mameya wa Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni,
Ndugu Wakurugenzi,
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam.

YAH: KUTUNZWA KWA RAMANI ZA MAJENGO YA DAR ES SALAAM

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni ofisi ndogo ya usanifu majengo hapa Dar es Salaam. Tunachora nyumba za watu, maduka, madarasa, zahanati, na mteja akitaka tunamchorea hata kibao cha mlangoni. Mwaka huu tumeamua kuzitoa kazi zetu za nyuma kabatini na kuzitundika ukutani zitazamwe na yeyote apitaye, kwa sababu karibu zote tumezifanya ndani ya mji huu, na kila moja ina jambo inalolisema kuhusu mji wenyewe. Ni shukrani yetu kwa Dar es Salaam. Mji huu umetulea, umetupa kazi na umetufundisha kuchora.

Kupekua makabati huko ndiko kulikotuleta kwenu. Tulitaka ramani zetu zikae ukutani jirani na za waliotutangulia, ili kijana anayesomea usanifu aone tulichojifunza na tulikojifunzia. Tukaanza kuzitafuta. Tuligonga milango mingi, ya umma na ya watu binafsi. Tulirudi na picha, na simulizi za wazee, na ahadi za kurudi wiki ijayo. Ramani zenyewe, zile zenye vipimo, zinazoonyesha nondo imelala wapi na bomba limepita wapi, tulizipata chache mno.

Kwa hiyo tuna ombi, na tunalitaja mapema ili msilitafute katikati ya maneno mengi. Dar es Salaam iwe na hifadhi ya ramani za majengo yake, iliyo wazi kwa mwananchi, na majina ya waliozichora yaonekane kwenye majengo hayo.

Niwaonyeshe kwanza tulichokitundika.

Kazi ya kwanza ukutani ni nyumba ya Magomeni. Ni nyumba ya Kiswahili kama nyingi za Ilala, Temeke na Kinondoni: kibaraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba kila upande, kisha uwani kwenye jiko, choo na bomba. Familia ilitaka fremu mbili za maduka upande wa barabara. Njia rahisi, ambayo mtaa mzima umeifuata, ni kukimeza kibaraza. Bibi mwenye nyumba alikataa katakata. Alisema kibarazani ndipo anapopokelea wageni, ndipo anapokaa kusubiri adhana ya magharibi, ndipo wajukuu wanapofanyia hesabu jioni vyumba vikiwa vimechemka. Tukazisogeza fremu pembeni, tukapunguza chumba kimoja, kibaraza kikabaki na kivuli chake. Ramani ya nyumba ile ni karatasi mbili tu. Lakini ukiisoma unaona watu wa pwani wanavyomtenga mgeni wa nje na mgeni wa ndani, wanavyoupa upepo njia ya kuingia mbele na kutokea uwani, na wanavyoweza kuishi wengi chini ya bati moja bila kuvunjiana heshima.

Pembeni yake kuna vyoo vya shule ya msingi huko Temeke. Hiyo ndiyo kazi tunayoipenda kuliko zote. Walimu walituambia wasichana wakubwa walikuwa wanakosa masomo kila mwezi kwa kukosa mahali pa kujisitiri. Tukachora chumba chenye maji, ndoano ya begi, na komeo linalofungwa kwa ndani, na paa linalokusanya mvua ya masika kwenye tangi. Hakuna mtu atakayepiga picha ya harusi mbele ya vyoo vile. Wanafunzi wanavitumia kila siku, na hilo linatutosha.

Kuna duka la dawa la Kariakoo, upana wake hata mita tatu hazifiki. Kuna banda la mama lishe wa Gerezani aliyetuomba dawa ya moshi. Tukainua sehemu ya paa ili moshi upande utoke, na mvua isiingie. Kibao chake hatukukichapisha. Tulimwita mzee mmoja wa Buguruni anayechora mabango kwa brashi, akaandika jina la banda na sahani ya wali na samaki, kwa mkono ambao hautetemeki. Wachoraji wa namna yake wanapungua tangu mashine za kuchapa mabango ya plastiki ziingie kila mtaa. Alipomaliza tukamwomba atie saini pembeni. Alituuliza mara mbili kama tunasema kweli, ndipo akasaini. Kibao kile sasa kina mwenyewe.

Kazi zetu ni ndogo, na maarifa yaliyomo humo hatukuyabuni sisi. Tuliyakuta mjini. Mtu anayechora Dar es Salaam hana budi kujua kwamba kusi huvuma katikati ya mwaka na kaskazi huja kuanzia mwishoni mwa mwaka, kwamba jua la asubuhi na la jioni ndilo linalochoma ukuta, kwa hiyo upande mrefu wa jengo huelekezwa kaskazini na kusini. Anapaswa kujua masika ya Machi hadi Mei yanavyoipiga plasta, na chumvi ya bahari inavyoila nondo isiyofunikwa vizuri na zege. Haya yote yameshajibiwa na watu waliojenga hapa kabla yetu, na majibu yao yamo kwenye ramani zao.

Chukueni Soko la Kariakoo. Waheshimiwa, hapo naomba mnivumilie nikae kidogo, maana sijui jengo jingine mjini lililochorwa kwa kuwafikiria watu wa kawaida kiasi kile.

Aliyelichora ni Beda Amuli, Mtanzania, aliyezaliwa 1938 na kufariki 2016. Alisomea usanifu Israel, katika chuo cha Technion mjini Haifa, akarudi nyumbani, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akafungua ofisi yake mwenyewe, miongoni mwa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kufanya hivyo. Nchi ilikuwa changa. Watu wengi waliamini jengo kubwa la umma lazima lichorwe na mgeni. Amuli akapewa soko kuu la mji, akatoa jengo ambalo hakuna mgeni angeliwaza vile. Soko likafunguliwa mwaka 1975, chini ya Shirika la Masoko ya Kariakoo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974.

Aliyewahi kuingia anajua. Juu kuna paa la zege lililobebwa na nguzo zinazofunguka kama miti, kila moja ikishika mwenzake, na chini yake pana kivuli kipana kisicho na kuta za kuzuia hewa. Wafanyabiashara wa pwani na bara wamezoea kuuza chini ya mti. Amuli aliwachukulia mti ule akawajengea kwa zege. Mvua ikinyesha, paa lile huyapokea maji kwa mapana yake yote na kuyateremsha hadi kwenye matangi ya chini. Shimoni kulipangwa biashara ya jumla, na juu ya ardhi rejareja. Hakuna kiyoyozi katika fikra ile. Joto la Dar es Salaam limeshughulikiwa kwa urefu, kwa kivuli na kwa uwazi.

Usiku wa Julai 10, 2021 soko likaungua. Kila mtu wa mji huu anakumbuka moshi ule, na watu walioondoka pale bila mtaji wala bidhaa. Serikali ikatoa zaidi ya shilingi bilioni 28 kwa ukarabati wa soko kuu na ujenzi wa soko jipya jirani, na kwa uamuzi wa kulikarabati badala ya kulibomoa tunawashukuru kwa dhati. Ni uamuzi ambao miji mingi isingeufanya.

Lakini jengo likiungua, kitu cha kwanza anachokitaka mhandisi ni ramani. Zege lililopigwa na moto haliambii mtu kwa macho lina nguvu kiasi gani. Inabidi ujue nondo zake zilikuwa za unene gani, zilikaa umbali gani kutoka usoni, mchanganyiko wake ulikuwa upi, msingi umeshuka hadi wapi. Penye ramani, unapima na kulinganisha. Pasipo na ramani, unatoboa na kukisia, na kukisia kwenye jengo la umma ni gharama na ni hatari. Tunaomba, kama mwanzo wa hifadhi hii, ramani za awali za Soko la Kariakoo na ramani za ukarabati uliofuata ziwekwe pamoja, zipigwe picha kwa skana, na zifunguliwe kwa wanafunzi na wananchi. Jengo hilo ni darasa. Liwe na kitabu chake.

Nina mfano wa kwetu pia. Miaka kadhaa iliyopita taasisi moja ya umma ilituita tufanyie ukarabati jengo lake la zamani la ghorofa mbili. Tulipoomba ramani, tulipelekwa stoo. Mchwa walikuwa wameshafika kabla yetu. Kilichobaki ni vipande vya karatasi vyenye nusu ya ngazi na robo ya ukumbi. Ikabidi tulipime jengo zima upya kwa futikamba, chumba baada ya chumba, na bado tulivunja sakafu nzuri ya tarazo mahali pasipo na bomba tukilitafuta bomba. Muda ule na fedha ile vilitoka mfukoni mwa mwananchi. Wala taasisi hiyo haikuwa ya ajabu; wenzetu wa ofisi nyingine za usanifu wana visa vya aina hiyo vya kutosha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Majengo ya umma ya Dar es Salaam ni mali kubwa kuliko tunavyoihesabu. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, linamiliki nyumba nyingi za katikati ya mji zilizotaifishwa mwaka 1971. Ipiteni mitaa ya Jamhuri, Indira Gandhi na Kisutu mkiinua macho. Mtaona juu ya madirisha majina ya familia na miaka ya ujenzi, vimefinyangwa kwa plasta: huyu alijenga miaka ya 1930, yule ya 1940. Mwenye nyumba aliandikwa. Aliyeichora, na fundi aliyezikunja zile nakshi kwa mwiko, ni nadra kuwaona.

Na nyumba zenyewe zinaondoka. Jengo la Salamander pale Samora lilibomolewa, na leo mahali pake pana mnara uliorithi jina lake. Sisi hatusemi kila jengo la zamani lisiguswe. Mji wa watu 5,383,728, kwa hesabu ya sensa ya 2022, hauwezi kubaki kama ulivyokuwa wakati wa watu laki chache, na sisi wenyewe tunaishi kwa kujenga vipya. Tunachosema ni kwamba kabla ya nyundo ya kwanza, jengo lipimwe, lichorwe, lipigwe picha, na karatasi hizo zikabidhiwe kwenye hifadhi. Hiyo ni kazi ya wiki chache kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakisimamiwa na walimu wao. Jengo likiondoka na ramani yake, hata kosa lililokuwamo ndani yake haliwezi kumfundisha mtu.

Mfikirieni pia Anthony Almeida. Alizaliwa hapahapa Dar es Salaam mwaka 1921 katika familia ya Wagoa, akaenda kusoma Bombay, akarudi, akafanya kazi katika mji huu kwa zaidi ya nusu karne, akafariki 2019. Alichora klabu ya Wagoa, akachora shule ya Mtakatifu Xavier huko Chang'ombe miaka ya 1950, na baadaye kanisa la pamoja la Wakristo pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni mtu aliyeuona mji ukiwa chini ya Mwingereza, akauona ukipata uhuru, akaendelea kuuchorea. Mtu mmoja, mji mmoja, karibu karne nzima. Ulizeni vijana mia pale Posta kama wanalijua jina lake. Tumeuliza wengi wanaokuja kwetu kufanya mazoezi ya kazi, vijana wanaosomea fani hii hii, na wengi wanaweza kuwataja wasanifu wa Ulaya na Japani kabla ya kumtaja Amuli au Almeida. Kosa si lao. Hakuna ukuta uliowahi kuwaambia.

Jambo la majina halihitaji fedha nyingi. Kila saiti ya ujenzi hapa nchini ina kibao kikubwa mbele: mteja fulani, msanifu fulani, mhandisi fulani, mkandarasi fulani. Kanuni zinataka hivyo, na bodi zinakagua. Jengo likikamilika kibao kinang'olewa, na majina yanaondoka nacho siku ile ile watu wanapoanza kuingia. Tunaomba kanuni isogezwe hatua moja mbele. Kabla ya jengo la umma kuanza kutumika, majina yale yale yahamishiwe kwenye bamba dogo la shaba au jiwe karibu na mlango, pamoja na mwaka. Ukimwandika mtu mlangoni, unamwajibisha. Jengo likivuja, litavuja mbele ya jina lake. Likidumu, wajukuu zake watapita wakilisoma. Na majengo yaliyokwisha kujengwa yawekewe mabamba hayo taratibu, tuanze na Kariakoo.

Tunajua mtauliza mahali. Mahali papo. Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 zama za Sultani Majid kwa mawe ya matumbawe na chokaa, lilikarabatiwa, na tangu 2017 limekuwa kituo cha urithi wa usanifu wa mji huu. Wageni na wanafunzi huingia pale wakaona historia ya mji kwa picha na vielelezo. Ni moja ya mambo mazuri yaliyofanyika katika mji huu wakati wa uhai wetu, na waliolipigania walistahili shukrani kubwa zaidi ya waliyopata. Kituo kile kinaweza kuwa uso wa hifadhi. Nyuma yake kunahitajika chumba kikavu, chenye hewa inayodhibitiwa, kwa sababu unyevu wa pwani hauna huruma na karatasi. Makabati mapana ya droo za chuma. Skana moja kubwa. Na watunza kumbukumbu waliosomea kazi hiyo. Chumba hicho kinaweza kuwa Chuo Kikuu Ardhi, kinaweza kuwa Maktaba Kuu ya Taifa, kinaweza kuwa chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo tayari ina mamlaka juu ya nyaraka za umma kwa sheria ya mwaka 2002. Ramani ya jengo la serikali ni waraka wa umma. Sheria haina haja ya kutungwa upya; inahitaji kukumbukwa.

Yapo makabati ambayo tayari mnayo. Kila aliyejenga kihalali mji huu alipeleka nakala za ramani halmashauri kuombea kibali. Nakala hizo ziliingia kwenye majalada, majalada yakaingia masjala. Siku hizi maombi mengi yanapita kwenye mtandao na hayo yana nafuu, mradi kompyuta zinazoyahifadhi zitunzwe. Yaliyo hatarini ni ya nyuma yake, miaka na miaka ya karatasi. Manispaa zimegawanywa, zimeunganishwa, zimehama majengo. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Wizara nazo zimehamia Dodoma. Sisi tulioko kwenye fani tunajua ofisi inapohama kitu gani hutupwa kwanza: ni yale makabati mazito ya karatasi pana ambazo hakuna anayekumbuka ni za nini. Tunaomba, hata kabla ya hifadhi kupatikana, mtoe agizo la maandishi kwamba hakuna ramani ya kabla ya mwaka 2000 itakayotupwa au kuchomwa katika ofisi yoyote ya halmashauri zenu mpaka ikaguliwe. Agizo hilo ni ukurasa mmoja.

Zipo na zile zilizo nyumbani kwa watu. Wasanifu wa kizazi cha kwanza baada ya uhuru wengi wametutoka, na walio hai ni wazee. Ofisi zao zimefungwa, ramani zimekunjwa na kusukumwa chini ya vitanda au juu ya kabati. Tumezungumza na familia chache. Hawataki fedha. Wanataka kuambiwa kwamba kazi ya baba yao ina thamani, na kupewa mtu wa kuwapokea na karatasi ya kutia saini. Kwa sasa hatuna pa kuwaelekeza. Kila masika inayopita, nyingine zinaoza.

Ningependa niseme na jambo la michoro isiyo ya majengo, kwa kifupi. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa 1968, kilikuwa na watu waliokaa mezani wakichora vitenge na kanga zilizovaliwa nchi nzima. Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka rangi za nyumba kwenye mbao pale Oysterbay mwaka 1968 huohuo, na alipokufa 1972 wanafunzi wake wakaendeleza mkono wake mpaka leo. Mji huu umekuwa ukichora muda mrefu. Hifadhi ikianza na majengo, isiwafungie mlango hawa.

Kuna sababu ya kuharakisha. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na Dar es Salaam itapokea wageni wengi. Kutakuwa na mabango, malango ya mapambo, vituo vilivyopakwa rangi upya, na vijitabu vya kumwongoza mgeni. Kazi hizo zitagawiwa mapema na kwa haraka, na mwenye haraka huchukua picha ya kwanza anayoiona mtandaoni: twiga, mlima, machweo. Mlima huo uko mbali sana na hapa. Dar es Salaam ina paa la Kariakoo. Ina Mnara wa Saa uliojengwa mwaka 1961 mji ulipopewa hadhi ya jiji. Ina Ukumbi wa Nkrumah, ule ambao kwa miaka tuliubeba mfukoni nyuma ya noti ya shilingi 500. Ina sanamu ya Askari ya mwaka 1927 ambayo kila daladala ya Posta imeizunguka. Ina mistari ya rangi ubavuni mwa daladala, ambayo mtu asiyejua kusoma huitumia kujua gari linakwenda wapi. Mbunifu kijana akitaka kuyachora haya kwa usahihi, mfungulieni mlango wa kuingia ayaone kwa vipimo vyake. Na kazi zenyewe zishindaniwe wazi, ofisi ndogo za mji huu na wachoraji wa brashi wakiwemo.

Sisi tumeanza upande wetu. Ramani za kazi zote za umma tulizozifanya tumezinakili, na nakala ziko tayari kukabidhiwa siku hifadhi itakapofunguliwa. Za nyumba za watu tunaendelea kuomba ridhaa za wenyewe. Bibi wa Magomeni alikuwa wa kwanza kukubali, kwa sharti kwamba jina la fundi wake liandikwe pia. Mambo ya usalama, kama ramani za benki na za vyombo vya ulinzi, yana utaratibu wake na hatuombi yafunguliwe.

Tunaomba kikao. Tuko tayari kuja ofisini kwenu na wenzetu wa fani, au ninyi mje kwetu mzione kazi zikiwa ukutani. Njooni asubuhi kabla jua halijafika dirishani, ili tuwafungulie na droo. Mje na ofisa wa masjala na ofisa wa mipango miji wa kila manispaa, kwa kuwa wao ndio wanaojua makabati yako wapi. Tutaandaa orodha ya majengo thelathini ya kuanzia, tukiwa tumeshaonyesha kila jengo ramani zake zimeonekana wapi au hazijaonekana. Mkituambia orodha ina upungufu, tutairekebisha palepale.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wasanifu wa ofisi moja ya Dar es Salaam

Nakala kwa:
Shirika la Masoko ya Kariakoo
Shirika la Nyumba la Taifa
Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa
Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi
Chuo Kikuu Ardhi